Je, Wajua? Maadui Walionyimwa Zamu

Je, wajua kwamba Riddler, yule adui wa Batman anayetega vitendawili kabla ya kuiba, aliwahi kusahauliwa kwa zaidi ya miaka 15? Alizaliwa kwenye vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1948, akatokea mara mbili, kisha kimya hadi 1965. Kituo cha televisheni cha ABC kilipoanza kuonyesha mfululizo wa Batman, tarehe 12 Januari 1966, yeye ndiye aliyepewa kipindi cha kwanza. Mwigizaji Frank Gorshin alimvika kicheko na mwendo wa mtu asiyetulia, akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy. Tangu hapo hakuna anayemtaja Batman bila kumtaja Riddler.

Safu ya leo ni ya maadui. Mashujaa wanasifiwa vya kutosha. Ninaiandika nikiwa Kailo, jirani ya Kindu, mkoani Maniema, Kongo, kwa sababu msitu unaoanzia huku na kupanda kuelekea Walikale una shujaa wake, Mwindo, na maadui wake ni wa kupigiwa mfano. Hao tutawafikia. Kwanza tupite Marekani upesi, tuone jinsi televisheni inavyoweza kumpata adui mzuri na kumwacha akae benchi.

Je, wajua kwamba mfululizo ule wa Batman ulitoa vipindi 120 hadi ulipofungwa tarehe 14 Machi 1968, na bado sehemu kubwa ya kazi ikabebwa na maadui wanne tu: Joker, Penguin, Riddler na Catwoman? Baadhi ya wengine waliitwa mara moja, wakafungwa jela, wakasahauliwa humo.

Je, wajua kuhusu False Face? Huyu alikuwa bingwa wa kujigeuza: leo polisi, kesho mzee wa mtaani, keshokutwa rafiki yako. Watengenezaji walificha hata jina la mwigizaji wake, Malachi Throne. Mahali pa jina pakawekwa alama ya kuuliza hadi mwisho wa kisa. Kisa chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha sehemu mbili. Mtu anayeweza kuwa yeyote mjini, na wewe humwiti tena! Naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mfululizo ule.

Bookworm naye, aliyeigizwa na Roddy McDowall, aliiba kila mbinu yake kutoka kwenye vitabu alivyosoma. Kisa kimoja, basi.

Je, wajua kwamba Mr. Freeze, mtu wa barafu, aliigizwa na watu watatu tofauti katika mfululizo huo huo? Alianza George Sanders, akafuata Otto Preminger, akamaliza Eli Wallach. Kila mmoja alikuja na sauti yake na sura yake, kwa hiyo mtazamaji hakupata nafasi ya kumzoea adui huyo hata kidogo.

Na je, wajua kwamba Two-Face, ambaye nusu ya uso wake imeharibika na ambaye huamua mema na mabaya kwa kurusha sarafu, hakuonekana hata mara moja? Vitabuni alikuwapo tangu 1942. Mwandishi Harlan Ellison aliandika muhtasari wa kisa chake, lakini haukupigwa picha. Miaka ikapita. Mwaka 2017 ndipo ilipotoka filamu ya katuni iliyomkutanisha na Batman yule yule wa zamani, sauti ya Two-Face ikitolewa na William Shatner. Adam West, aliyekuwa Batman tangu 1966, alifariki Juni mwaka huo, miezi michache kabla filamu haijatoka.

Superman wa televisheni, aliyeigizwa na George Reeves kuanzia 1952 hadi 1958, alipewa vipindi 104 bila kukutana na Lex Luthor, adui wake mkuu tangu 1940. Alipambana na majambazi wa kawaida wenye bastola. Wonder Woman wa 1975 hadi 1979 hakukutana na Cheetah. Inatosha kwa upande huo.

Kabla hatujavuka bahari, nimtaje Eartha Kitt. Mwaka 1967 mwanamke huyu Mmarekani mweusi, mwimbaji na mcheza dansi, alichukua nafasi ya Catwoman katika msimu wa tatu. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo wa paka halisi. Alipewa vipindi vichache tu, kisha mfululizo ukafungwa. Januari 1968, akiwa mgeni kwenye chakula cha mchana Ikulu ya Marekani, alisema waziwazi kwamba anapinga vita vya Vietnam, na kazi zake nchini mwake zikakauka kwa miaka. Ningependa kuona msimu mzima wa Catwoman huyo.

Sasa tuingie msituni.

Je, wajua kwamba hadi 1988 Maniema, Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zilikuwa mkoa mmoja? Ndiyo maana sioni haya kumwita Mwindo jirani yetu. Yeye ni shujaa wa Wanyanga wa Walikale, Kivu Kaskazini, lakini msitu ni ule ule, na Kiswahili chetu kinapita njia zile zile.

Je, wajua kwamba utendi wa Mwindo unaosomwa leo duniani ulitoka kinywani mwa mtu mmoja? Mwaka 1956 mwimbaji Candi Rureke aliuimba, akausimulia na kuuigiza kwa siku 12, huku wenzake wakimpigia fimbo za mdundo na wasikilizaji wakiitikia. Waliouandika ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti pia kwa Walega, na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Afrika wa enzi hizo, OAU, mjini Kampala. Kitabu kilitoka California mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya Batman wa ABC kufungwa. Wanyanga huita utendi wa aina hii karisi.

Msomaji asiyemjua Mwindo namjulisha kwa ufupi. Aliongea akiwa tumboni mwa mama yake. Alizaliwa kwa kutokea kwenye kidole cha kati cha mama, akatembea siku hiyo hiyo, mkononi ameshika conga, usinga wa mkia wa nyati, na mgongoni ana mfuko wenye kamba ndefu. Usinga ule unaua na unafufua. Sifa yake nyingine ni majigambo: anajisifu kwa nyimbo mbele ya kila adui, na majigambo hayo yatamponza.

Je, wajua kwamba adui wake wa kwanza ni baba yake mzazi? Shemwindo, chifu wa Tubondo, alikuwa na wake saba, akatoa amri kwamba wote wazae wasichana. Atakayezaliwa wa kiume auawe. Sababu yake haina uchawi wowote. Binti akiolewa huleta mahari, mwana wa kiume huja kudai. Hapo ndipo ninapomwona Shemwindo kuwa adui mkubwa kuliko Joker: Joker anacheka bila sababu, Shemwindo ana hesabu mkononi, na kila mmoja wetu ameshawahi kumwona mzee wa namna hiyo akipiga hesabu kama hiyo kwa sauti ya upole kabisa.

Amri ilifuatwa na vitendo. Alimrushia mtoto mikuki, haikumpata. Akaamuru azikwe mzima, mtoto akatoka kaburini aking'aa. Akamfungia ndani ya ngoma, pande zote zikawambwa ngozi, ngoma ikatupwa mtoni.

Je, wajua nani alimpelekea chifu habari kwamba mtoto wa kiume amezaliwa? Nyenje. Wakunga walikuwa wameafikiana kuficha siri. Mdudu huyo alikuwa ukutani, akauliza mtoto ni wa jinsia gani, akanyimwa jibu, akaondoka na kwenda kusema. Halafu anatoweka kwenye simulizi. Katika mfululizo wa televisheni mimi nisingemwacha aende. Kila nyumba ina nyenje ukutani, na mtoa siri anayeweza kupita popote ni adui wa kurudi kila wiki.

Je, wajua kwamba adui wa majini ni mume wa shangazi? Ngoma ilipoelea, Mwindo alishika njia ya kwenda kwa Iyangura, dada wa baba yake. Iyangura aliolewa na Mukiti, nyoka mkubwa, mwenye vilindi visivyo na mwisho. Mahari ilitolewa, Shemwindo akaipokea, ndoa ikawa halali kabisa. Kwa hiyo Mwindo anapopambana na Mukiti anapambana na mtu wa ukoo, na shangazi yuko katikati. Nimetazama filamu nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, sikumbuki hata moja ambayo stelingi analazimika kumtafutia shangazi yake maneno ya kumweleza kwa nini anapigana na mumewe.

Dada wa Mukiti, Musoka, anasimama njiani na kumzuia kijana. Mwindo anachimba chini ya mchanga, anatokea upande wa pili. Musoka amekwisha. Alistahili zaidi ya hapo.

Kasiyembe ndiye anayenivutia kuliko wote wa upande wa maji. Kazi yake ni kumlinda Iyangura kwa niaba ya Mukiti, yaani ni askari wa zamu, mtu aliyewekwa mlangoni. Askari huyu anamkaribisha Mwindo aje kucheza ngoma, kumbe uwanja mzima amechimba mashimo na ndani yake ameweka nyembe na miiba ya chuma. Kalunguyeye anamchimbia shujaa njia ya chini kwa chini hadi nyumbani kwa shangazi, na buibui anatandaza nyuzi juu ya mashimo, Mwindo anacheza juu ya mitego kana kwamba ni sakafu. Kasiyembe anaona ameshindwa, anamwita Nkuba, bwana wa radi, aipige nyumba aliyomo Mwindo. Radi inapiga mara saba, inapiga pembeni. Ndipo nywele za Kasiyembe zinawaka moto, na watu wakikimbilia mitungi wanakuta maji yamekauka yote.

Sasa sikia kinachofuata. Iyangura anamwombea. Mwindo anapunga usinga wake, moto unazimika, maji yanarudi mitungini, Kasiyembe anapona.

Mwindo anamponya adui yake, na atamponya mwingine, na mwingine. Sijui mfululizo wowote wa televisheni uliojengwa hivyo. Batman humpeleka adui jela, jela inamtoa, mchezo unaanza upya. Mwindo humwangusha adui, kisha anamwinua mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu kuna ndugu aliyesimama pembeni akiomba.

Je, wajua kwamba Mwindo alishonewa vazi la kishujaa? Si la kitambaa. Wajomba zake ni Baniyana, popo, nao ni wahunzi. Walimfulia viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati la chuma na kofia ya chuma. Ndipo akaenda kuishambulia Tubondo. Wajomba wakauawa vitani, Mwindo akamwita Nkuba, radi ikashuka mara saba, kijiji kikateketea. Shemwindo alikuwa ameshakimbia. Mwindo akawafufua wajomba.

Umemwona Nkuba? Kipindi kilichopita alikuwa upande wa Kasiyembe, sasa yuko upande wa Mwindo. Mweke akilini.

Je, wajua baba alikimbilia wapi? Chini ya ardhi. Aling'oa mmea uitwao kikoka, akaingia kwenye tundu lake, akaenda kuomba hifadhi kwa Muisa, anayekaa huko chini. Mwindo akamfuata kwa ile kamba yake ndefu. Ncha moja alimwachia Iyangura juu, akamwambia kamba ikiacha kutikisika ajue kwamba amekufa. Watu wa Kailo, nchi ya kasiterite na wolframite, hawahitaji kuelezwa sehemu hii. Kila mchimbaji anayeteremka anajua anamwachia nani kamba.

Muisa ni adui wa aina nyingine kabisa, na hapa naomba nikae kidogo. Hapigi kelele. Hafukuzi mtu. Anakukaribisha, anakupa kigoda ukae, pombe ya ndizi unywe, chakula ule. Vyote vitatu ni mtego. Mwindo alijua hivyo kwa sababu mlangoni alikutana na Kahindo, binti wa Muisa, aliyekuwa akiugua buba mwili mzima. Mwindo alimwosha vidonda na kumponya, naye Kahindo akamwambia la kukataa. Binti anamsaliti baba kwa sababu mgeni amemwosha vidonda ambavyo nyumbani viliachwa vikimla. Kwenye mikono ya mwandishi mzuri hicho ni kipindi kizima, na Kahindo mwenyewe ni mhusika anayeweza kubeba msimu.

Mgeni akikataa kigoda, Muisa hakasiriki. Anampa kazi. Panda migomba leo, ikue leo, niletee ndizi leo. Mwindo anatupa mundu wake chini, vifaa vinafanya kazi vyenyewe, migomba inaota na kuzaa. Muisa anautuma mkanda wake wa simbi, uitwao karemba, umpige kijana hadi povu limtoke mdomoni. Juu, Iyangura anaona kamba imetulia, anajua mwana amekufa. Kisha usinga unamwamsha Mwindo na kamba inatikisika tena. Kesho yake anapewa kazi ya kurina asali, karemba inatumwa tena. Mwisho Mwindo anautuma usinga wake, Muisa anaanguka. Na baadaye, kwa usinga ule ule, anamfufua.

Tajiri anayekupa kiti, anakupa kinywaji, kisha anakupa kazi isiyowezekana na kukupiga kwa mkanda kutoka mbali bila kuinuka alipokaa: nani kati yetu hajawahi kusikia habari zake? Muisa ni adui wa leo kuliko maadui wengi waliobuniwa leo.

Shemwindo alitoroka tena, akafika kwa Ntumba, muhanga, mwenye pango. Ntumba alimficha kisha akamwachia nafasi ya kukimbia, na kwa hilo pango lake likapigwa. Hupita upesi mno kwenye masimulizi. Mficha wahalifu mwenye mashimo chini ya nchi nzima angefaa kila msimu.

Je, wajua kwamba kuna pambano moja ambalo Mwindo hakupiga mtu? Baba alipofika kwa Sheburungu, aliye mungu kwa Wanyanga, Mwindo akaambiwa: ukimtaka, tucheze. Mchezo ni wiki, wa kubahatisha kwa mbegu. Mwindo akapoteza mali. Akapoteza watu wake. Akamweka rehani shangazi, akampoteza. Mama yake, akampoteza. Alibaki na usinga peke yake. Akauweka, na mkono huo wa mwisho ukamrudishia kila kitu na baba juu yake. Mpiga filamu anahitaji watu wawili, mkeka na mbegu. Hakuna gharama ya moshi wala vioo vya kuvunjwa, na hofu iliyomo inazidi mlipuko wowote.

Baba na mwana walirudi Tubondo. Shemwindo alikiri kosa lake mbele ya watu wote. Vikawekwa viti vitatu: cha baba, cha mwana na cha shangazi katikati yao. Anayefupisha simulizi hukatia hapo, kwa sababu ni mwisho mzuri. Kwa kukata hapo anawanyima zamu maadui wawili wakubwa kuliko wote.

Je, wajua kuhusu Kirimu? Ni joka la vichwa saba, pembe saba, macho saba. Mwindo alitamani nyama ya nguruwe-mwitu, akawatuma wawindaji wanne. Kirimu akawala watatu. Wa nne, Nkurongo, akarudi mbio na habari. Mwindo akaenda mwenyewe, akamuua. Mzoga ukaletwa kijijini, ukapasuliwa, wale wawindaji wakatoka wazima. Macho yalipookwa na kupasuka motoni, watu wengine wengi wakatoka, wakawa raia wa Mwindo. Shangwe ilikuwa kubwa. Safari hii hakuna ndugu aliyesimama pembeni kumwombea adui, na Mwindo hakumfufua.

Ndugu alikuwapo, ila alikuwa juu. Harufu ya nyama iliyookwa ilipanda hadi mbinguni, ikamfikia Nkuba. Je, wajua kwamba Nkuba na Kirimu walikuwa wamechanjiana damu? Radi ile iliyomsaidia Mwindo kuichoma Tubondo ilikuwa na rafiki wa damu, na rafiki huyo ndiye aliyekuwa amelala vipande vipande kwenye meko ya Mwindo. Nkuba akashuka. Hakuja kwa fujo. Alimwambia anampenda, na kwamba amekuja kumfundisha. Akamchukua juu, shujaa akakaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua kali bila kibanda, usinga wake haufanyi kitu. Akarudishwa duniani na mwiko: asiue tena mnyama. Akatii. Akatawala kwa sheria, na majigambo yale hayakusikika tena.

Nkuba amekuwa adui, akawa msaidizi, akawa hakimu, bila kubadilika tabia hata mara moja. Kila aliyemwita kwa haki yake alimwitikia. Two-Face anahitaji sarafu ili awe na pande mbili. Nkuba ana pande tatu na zote ni za kweli. Ukiniuliza ni nani aliyepunjwa kuliko wote katika safu hii, ni yeye.

Upesi upesi, kwa majirani. Lianja wa Wamongo, aliyeandikwa na padre Boelaert mwaka 1949, ana adui aitwaye Sausau, na ugomvi wao ulianza kwa matunda ya msafu ambayo mama mjamzito aliyatamani. Liongo Fumo wa pwani ya Kenya, ambaye kisa chake Edward Steere alikichapisha mwaka 1870, hakuuawa na jeshi. Aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe, au mpwa wake kwa masimulizi mengine, baada ya kuahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kila mtu anamjua Liongo. Kijana yule mwenye sindano hana hata shairi. Na Super Sema, mfululizo wa katuni wa Kenya ulioanza mwaka 2021 na ambao Lupita Nyong'o ni miongoni mwa watayarishaji wake wakuu, ulifanya jambo la maana tangu mwanzo: ulimpa msichana shujaa adui mmoja, Tobor, mtawala asiye na moyo wa nyama, na ukamrudisha tena na tena hadi watoto wakamzoea.

Je, wajua kwamba Mwindo ameshaitwa shujaa wa aina ya Batman kwa maandishi? Aaron Shepard, mwandishi wa vitabu vya watoto wa Marekani, alipousimulia upya utendi huu kutoka kitabu cha Biebuyck na Mateene aliliweka neno wanaloitwa mashujaa wa katuni, superhero, kwenye jina la kitabu chake. Mtu wa mbali aliliona hilo. Sisi tunaoishi karibu na msitu wenyewe, wenye lugha inayosikika kutoka Kindu hadi Mombasa, tungepaswa kuwa tumeshafika mbali kuliko yeye.

Kwa hiyo nina ombi, nalielekeza kwa vijana wa Kailo, Kindu, Punia, Lubutu na Walikale wenye simu za kupiga picha. Ukimpata mzee anayejua karisi, au hadithi ya shujaa wa kabila lako lolote, usimuulize habari za shujaa peke yake. Muulize maadui wote, mmoja mmoja: jina lake, dada yake ni nani, alichanjiana damu na nani, mlangoni kwake kulikuwa na mlinzi gani. Rekodi hata yule anayetajwa mara moja. Na wewe utakayepata siku moja fedha na kamera za kutengeneza mfululizo wa Mwindo, usianze na ngoma mtoni wala joka la vichwa saba. Anza na Nkuba akichanjiana damu na Kirimu, kabla Mwindo hajazaliwa, na mtazamaji atakaa hadi kipindi cha mwisho.